Bowi ya Petro

Gungu, Kigoma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Sisi wa huku hatujambo. Mjukuu wako Hilda ameota meno mawili ya chini na anauma kila anachopewa, pamoja na bega langu. Goti lako je? Limepungua kuuma tangu Petro aanze kukuchotea maji? Nauliza kwa barua kwa sababu kwenye simu nikikuuliza unajibu "salama" harakaharaka, halafu unaanza kuniuliza mimi.

Mama, ukifungua kifurushi hiki utaona dagaa juu. Usiishie hapo. Chini ya dagaa, ndani ya gazeti na kipande cha khanga yangu ya zamani, kuna kisu cha Petro. Kimepatikana. Lakini kuna jambo moja sikulifanya kama ulivyoniagiza, na sitaki ulijue kwa kukitazama tu, ndiyo maana naandika.

Uliniambia kwamba Baba Mdogo amekwisha kupanga siku ya kumaliza matanga, na kwamba Petro atakalia kigoda cha Baba, akabidhiwe kisu cha Baba, achinje mbuzi mbele ya ukoo. Na kisu chenyewe kimepotea jikoni siku za msiba, katika wale watu wengi, na hujamwambia mtu ila sisi wanao wawili. Ukasema nitafute kinachofanana nacho kabisa, hata ile alama ya kuungua kwenye mpini iwepo, ili ndugu wasijue. Na nisizidishe elfu arobaini. Baba alipozikwa, Hilda alikuwa na wiki mbili, sikuweza kuja. Uliponipa kazi hii nilifurahi, Mama. Niliona kumbe bado kuna kitu naweza kumfanyia Baba.

Unakumbuka alivyokiita bowi? Jina alilitoa kwa wageni wa kambi ya uwindaji, alipokuwa mchunaji wa ngozi. Mimi na Petro tulidhani Bowi ni mtu, ndiye mwenye kisu, na siku moja atakuja kukidai. Akipita mgeni mwenye kofia tulikimbia kukificha. Mara moja tulikifukia kwenye gunia la pumba, Baba akakitafuta mchana kutwa, na sisi tukamsaidia kutafuta.

Basi picha yake nilikuwa nayo kichwani: bapa pana, mgongo ulionyooka halafu ukakatwa kwa mkunjo karibu na ncha, na kipande cha shaba kati ya bapa na mpini wa pembe ili mkono usitelezee kwenye makali. Nilianzia dukani mjini. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na kimoja kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, kina meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo mwishoni mwa mpini. Sikufichi, nilikipenda. Nilimwona Petro amekishika na watu wote wakitazama.

"Dada, hiki hata simba akikiona anageuza," muuzaji akasema.

"Chuma cha ndani kinaishia wapi?" nikamwuliza, maana Baba alitufundisha kwamba chuma kiingie kwenye mpini mpaka mwisho, la sivyo kitang'oka ukiwa katikati ya kazi.

"Kinaishia kule kule mwisho."

Nikakitikisa. Kitu kikalia ndani, kokoto kokoto.

"Hiyo ni dira," akasema.

"Dira inalia?"

"Ikiwa mpya inalia."

Nikakirudisha kabatini, Mama, nikatoka ninacheka peke yangu barabarani.

Pale Kibirizi meza yangu ya samaki iko jirani na ya mama mmoja tunayemwita Mama Zawadi. Kisu chake hakitamaniki hata kidogo, cheusi, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli, lakini anapasua samaki wa kuhe mkubwa bila kukaza mkono. Nikamwuliza alikitoa wapi. Akanielekeza kwa mhunzi wa Buzebazeba, Mzee Bitama. "Ukifika umsalimie Kiha," akaniambia, "bei inashuka yenyewe."

Nilikwenda asubuhi, Hilda mgongoni amelala. Mzee alikuwa kwenye moto, mkewe ndiye anayemvukutia, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Nikasema "Mwakeye," wakaitikia vizuri. Kisha, kwa kuwa sikutaka kumwamsha mtoto, nikamsogelea mzee nikamwambia kwa sauti ya chini:

"Mzee, nataka kisu chenye mpini wa pembe."

Mvukuto ukanyamaza. Mteja mmoja akainuka, akasema amekumbuka kitu, akaenda zake.

"Pembe ipi, mama?" mzee akauliza. "Nani kakutuma?"

"Mama yangu."

"Anakaa wapi huyo mama yako?"

"Itigi."

"Itigi kule kwenye mapori ya tembo?"

"Ndiyo, huko huko. Baba alikuwa kwenye kambi ya uwindaji."

Mama, nilikuwa najichimbia shimo na sijui! Kwetu mpini wa pembe ni mpini wa pembe, nani hana? Kumbe wenzangu wanasikia pembe za ndovu. Mzee akaweka nyundo chini, akasema kwa heshima kabisa, "Mama, mimi ni mzee wa kanisa. Hayo mambo siyafanyi. Kama umetumwa unipime, umeshanipima, nenda salama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaweka vidole viwili kichwani nikasema, "Mooo! Ng'ombe, mzee! Pembe ya ng'ombe!" Hilda akaamka na kilio. Mke wa mzee akacheka mpaka akakaa chini kwenye makaa yaliyopoa, akasema, "Kumbe ihembe! Si useme ihembe la ng'ombe! Ulitaka mzee wangu afe kwa presha?" Tangu siku hiyo nikipita wananiita Mama Mooo, na mzee mwenyewe ndiye anayeanza.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Alinitolea mapande mawili ya chuma yaliyokwisha kufuliwa. Moja limesuguliwa likang'aa, la pili jeusi. Akanipa yote mawili akaniambia nigonge kwa ukucha. Lile la kung'aa likasema "ta," likanyamaza. Lile jeusi likaimba "tiii" mpaka nikalisikia kwenye kiganja. Akapitisha tupa. Kwenye la kung'aa tupa iliuma ikachimba, kwenye jeusi iliteleza tu. "Hili zuri ni nondo," akasema, "litakunja makali kwenye goti la mbuzi wa kwanza. Hili ni springi ya lori." Nikachukua springi. Nilitaka kirefu, kipendeze siku hiyo. Akaniuliza, "Huyo mbuzi anachunwa au anafyekwa?" Basi akapunguza vidole vinne. Mkunjo wa ncha akauchonga kama nilivyouchora kwenye daftari, shaba akaitoa kwenye kufuli bovu, na mpini ni pembe ya ng'ombe wa Kasulu, nyeupe inayoishia weusi. Fedha ilitosha, na iliyobaki nikanunua mawese.

Sasa lile jambo. Mpini ulipokwisha, nikamwonyesha mzee pale gumba linapokaa, nikamwomba apachome kidogo.

"Pachomwe?" akashangaa. "Kitu kipya, nimekisugua siku mbili, nikuunguzie?"

Nikamweleza yote. Mkewe akaacha kuvukuta. Mzee akauliza, "Huyo mdogo wako anajua kuchinja?"

"Anajua. Baba alimfundisha."

"Basi kisu kiwe chake. Ukikifanya cha marehemu, siku kikimvunjikia mtasema kavunja kisu cha marehemu. Ataogopa kukitumia."

Lakini si hilo lililonizuia, Mama. Nilikumbuka alama ile ilivyotokea. Petro alikuwa amepanda juu ya paa kufuata mpira, tukasikia kishindo, Baba akakitupa kisu alipokuwa, kikaangukia ukingoni mwa jiko, akakimbia. Aliporudi amembeba Petro, mpini ulikuwa unatoa moshi, na Baba hata hakuutazama. Alama ile ilikuwa ya siku ile. Nikaona siwezi kumlipa mtu anitengenezee nyingine. Nikamwambia mzee auache mpini kama ulivyo.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, mwambie Baba Mdogo ukweli kabla ya siku yenyewe: cha Baba kimepotea msibani, hiki ni cha Petro, ametafutiwa na dada yake. Ataguna. Baba Mdogo huguna hata akipewa chai. Mwache agune, na kama ni vigumu kwako, sema ni mimi niliyekataa kudanganya, anigunie mimi kwenye simu. Sitaki Petro akalie kigoda cha Baba akiogopa mtu asije akageuza mpini kuutazama.

Nimekijaribu kwa migebuka kumi mezani kwangu, kinakata vizuri sana. Springi hushika kutu, kwa hiyo Petro akishakiosha akifute na akipake mawese kidogo. Chupa iko humo humo. Usiyapikie yote maharage. Kifurushi anakileta dada wa kwaya yetu anayepanda treni ya Dodoma, atakishusha Itigi, Petro amsubiri stesheni.

Mkwe wako anakuamkia, yuko kwenye maboti anaziba moja linalovuja. Nisalimie Baba Mdogo na mkewe, shangazi aliyenifundisha kusuka, jirani yetu mwenye mbuzi watoro, na katekista aliyemsomea Baba siku za mwisho. Petro mwambie nampenda, na Bowi hatakuja kukidai hiki.

Siku hiyo usimpe mkononi. Kiweke chini mbele ya kigoda, ainame mwenyewe akiokote, kama Baba alivyokuwa akituwekea kisu chini sisi. Mimi nitakuwa mezani kwangu na samaki wangu, nikiwaza saa hizo ameshakiinua.

Ni mimi mwanao,
Yustina, mama Hilda