Simplex Haina Pua

Jumatatu, 6 Oktoba 1986
Mzee Kipyego, mwenye kinu chetu cha chakula cha ng'ombe, ameniita ofisini. Wakulima wanalia bei. Anataka mchanganyiko wa bei nafuu zaidi, lakini maziwa yasipungue. Je, naweza? Mtu mwenye akili angesema ataangalia. Mimi nikasema: "Hiyo ni linear programming, Mzee. Naifanya kwa simplex, jedwali baada ya jedwali mpaka gharama ikome kushuka." Akaniangalia kama nimemtajia ugonjwa. Akasema haya, nikifaulu nitaandikwa kazi rasmi mwisho wa mwezi, kwa barua.

Barua! Nikiipata, mke wangu Benta na mtoto wanatoka kwa mama yangu Bondo wanakuja kwangu mtaa wa Huruma. Miezi saba sijawaona. Mtoto ameota meno, naambiwa.

Jumatano, 8 Oktoba
Viungo sita. Masharti manne: uzito utimie kilo mia, protini isipungue kilo kumi na sita, nguvu itoshe, nyuzinyuzi zisizidi. Jedwali la kwanza safi kabisa, mistari nimepiga kwa rula. La pili nimeingiza kiungo kimoja, nikatoa kingine — sawa. La tatu nimekosea alama ya kutoa, nikaendelea kurasa nne kwa ujasiri mkubwa. Jibu: mashudu ya pamba, kilo nne chini ya sifuri.

Nimemwonyesha Thuo, fundi wa mashine ya kuchanganya. Ameuliza kama sasa ataenda kuwatoa ng'ombe mashudu waliyokula jana. Amecheka mpaka akakalia gunia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Imekubali, kwenye jedwali la nne! Hakuna tena badiliko la kupunguza gharama hata senti moja. Simplex imevitupa nje viungo vinne, mashudu yakiwemo, imebakisha viwili: pumba za mahindi kama kilo themanini na tano, na omena ya kusaga, wale dagaa wa ziwani kwetu, kama kumi na tano. Tunaokoa karibu shilingi sita kwa kila kilo mia.

Nimefanya na sensitivity analysis, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Omena sasa ni shilingi tatu kilo. Ikipanda mpaka tatu na senti thelathini na nane, jibu bado linasimama. Nimepima kila kitu kinachoweza kubadilika. Kila kitu! Kesho nampelekea Mzee nikiwa nimevaa tai.

Jumanne, 14 Oktoba
Tumechanganya tani mbili. Thuo amejifunga kitambaa puani. Nimemwambia anadeka. Mimi sisikii harufu yoyote, nimekulia katikati ya omena zilizoanikwa. Magunia ya kwanza yameenda Kapseret kwa Mama Rael, dada yake Mzee, mwenye ng'ombe saba.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mzee amenishika mkono mbele ya watu wote. Ameniita Profesa! Nimemwandikia Benta aje tarehe moja. Barua yenyewe sijaiona, lakini ni kama iko mfukoni.

Ijumaa, 24 Oktoba
Haiko mfukoni.

Mama Rael amekuja na chupa ya maziwa. Hakusalimia mtu. Ameiweka juu ya madaftari yangu. "Kijana, kunywa hii uniambie ng'ombe yangu amekula nini. Ama siku hizi tunafuga samaki?" Nimekunywa. Nimesema ni mazuri, Mama. Kweli yalikuwa mazuri! Thuo akaonja, akatoka nje kutema.

Binti yake anaposwa Jumamosi ijayo, tarehe moja. Wazee wa upande wa kijana lazima wapewe mursik, yale maziwa ya kibuyu, na vibuyu vyake vyote vinanuka ziwa. Amesema nimemwaibisha kabla hata wageni hawajafika. Nilitamani sakafu inimeze.

Masharti manne, na sikukumbuka kuwa maziwa hunywewa na mtu.

Jumatatu, 27 Oktoba
Jambo limefika kwa chifu. Kwenye baraza ameuliza ni nani anayehujumu wakulima, na kama ametumwa na maadui wa serikali. Kutumwa! Nilitumwa na jedwali la nne. Nimecheka peke yangu, kisha nikaogopa. Siku hizi mtu akishasemwa hivyo, hakuna anayemngoja aeleze hesabu.

Mzee hakupiga kelele, na hilo ndilo limeniumiza. Barua imechapwa, iko kwenye droo yake. Wageni wakimaliza mursik Jumamosi, atatia sahihi. Wakibakiza kwenye kikombe, nirudi Bondo nikafundishe samaki hesabu.

Jumatano, 29 Oktoba
Tumerudia mashudu. Ng'ombe wa Mama Rael wanalishwa mchanganyiko wa zamani tangu Ijumaa ile ile, bure, na vibuyu vimesuguliwa upya. Nimeongeza sharti la tano: omena sifuri. Halafu nikatafuta bei kivuli yake, yaani sharti hilo linatugharimu kiasi gani. Senti thelathini na tisa kwa kila kilo ya omena ninayokatazwa. Zote pamoja hazifiki shilingi sita. Nimeiuza kazi yangu kwa shilingi sita, na kwa hesabu isiyo na kosa hata moja.

Benta amejibu. Anafika Jumamosi, na anamletea Mzee zawadi ya shukrani. Hakuandika ni zawadi gani. Nimekosa uso wa kumwambia asije.

Jumamosi, 1 Novemba
Kapseret, nyuma ya ghala la mahindi. Naandika huku nikichungulia uani. Asubuhi nimeonja mursik. Ni tamu — lakini nani ananiuliza mimi? Thuo ameonja, akakubali kwa kichwa. Mama Rael amenusa kila kibuyu mara tatu, mwishowe akanipa kiti. Kiti! Karibu nilie.

Mzee, kwa huruma yake, amemtuma Thuo na lori amchukue Benta stendi amlete huku huku, ale na watu.

Wageni wamekaa. Kikombe cha kwanza kimepewa mzee wao mkubwa. Hajanywa. Amekiinua mpaka mdomoni, amekishusha. Sasa anasema kitu kwa jirani yake, na jirani ananusa hewa. Mama Rael amenigeukia.

Maziwa hayana kitu! Naapa hayana kitu!

Lori liko getini, upepo unatoka upande ule. Benta anashuka, mtoto mgongoni, amenona. Anacheka, ameniona. Thuo anamshushia gunia, uso ameugeuzia pembeni. Benta amejitwika kichwani, anakuja moja kwa moja kwa Mzee Kipyego.

Hata mimi nimeisikia ile harufu ya omena.