Kishikwambi Kisichojua Kukataa

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa sina pa kushika, mimi ni fundi wa kompyuta na mke wangu ni mwalimu, mwaka jana alipata kiharusi, akili iko timamu ila sauti imekwenda na mkono wa kulia umelegea, basi mimi kwa mapenzi nikamtengenezea kishikwambi cha kumsemea, akibonyeza kitufe kinatamka, nikaweka "Asante mume wangu", "Chakula kitamu", "Pole na kazi", "Samahani", tena kwa sauti nyororo ya binti, marafiki zangu wakanisifu sana, lakini mwenzangu hakukifurahia hata kidogo, na juzi nilipotangaza mbele ya wageni kwamba mama yangu anahamia kwetu, akabonyeza "Asante mume wangu" mfululizo huku amenikazia macho mpaka wageni wakaaga, kisha akakitumbukiza kwenye ndoo ya deki, akaenda zake kwa dada yake, na huko eti anaongea kutwa nzima kwa kuonyesha herufi kwenye kipande cha boksi, yaani mimi mtaalamu nashindwa na boksi! Nimfanyeje akubali kukitumia?

Mume Asiyeshukuriwa

Asiyeshukuriwa, pole kwa nyumba kuwa kimya, naamini unampenda. Sasa kaa chini nikupashe.

Ulichotengeneza ni kasuku wa kukusifu. "Sitaki" iko wapi? "Niache" je? "Mama yako atalala wapi?" Mwalimu aliyenyamazisha darasa zima kwa neno moja, leo umempa sauti ya binti wa matangazo aombe samahani! Kwa kosa gani? Na vitufe, sina shaka, umevipanga kulia, maana mkono wako wewe wa kulia ni mzima.

Boksi limekushinda kwa sababu lina herufi zote. Kwa boksi anaweza hata kukutukana akitaka, na kwa kweli ana haki.

Nenda kwa shemeji yako, bila wageni, bila mama. Beba kishikwambi kipya kikiwa kitupu, kaa kushoto kwake, muulize anataka kusema nini, akuonyeshe kwenye boksi nawe uandike bila kumsahihisha. Vitufe viwe vikubwa, mkono wake wa kushoto uvifikie. Sauti achague mwenyewe. Na "Sitaki" ikae juu kabisa, peke yake.

Ukimaliza, mwombe arudi nyumbani. Akibonyeza "Sitaki", usitafute bisibisi. Kifaa ni kizima.