Maji ya Hortensia mu Beu

Butembo, tarehe 11 mwezi wa kwanza 2003

Mwana wangu Nadège,

Wavukire, nakusalimia. Huku tuko, Mungu anatuchunga. Ni magoti tu njo inanisumbua, baridi ya Butembo haina huruma. Jemima, mujukuu wangu, kikohozi kilimuacha? Na mutoto wangu Luc, tangu aende kuuza chumvi na sabuni upande wa Mambasa, alisharudia? Niliuliza bachauffeur hapa, hakuna mwenye kujua.

Kama bado, tumuombee. Lakini maua ile niliwapandia mwaka mulioana, usiiache ife na hii jua. Hortensia ni maua ya baridi, Beni inaichoma. Uimwangie maji asubui, chini ku mizizi, hapana juu ya majani. Ufunike udongo na majani makavu ya migomba. Marguerite yenye imemaliza kuchanua, ukate kichwa. Luc akirudi akute kwake kungali kunapendeza.

Mama mukwe wako,
Kyakimwa

Beni, Beu, tarehe 29 mwezi wa kwanza

Mama,

Barua yako ilifika na mikono ya chauffeur wa camion ya kubeba makala ya kupikia. Pole na magoti. Jemima alipona. Mimi niko, mais nimechoka, mama. Nalala nikikaa, na sufuria iko ku moto.

Luc bado. Kila mutu mwenye anatoka kule namuuliza. Bananiambia nivumilie.

Mvua ilikata kabisa. Ku source, pale tunachota maji, tunapanga bidon mpaka jua inatuunguza kichwa. Maji yenye nimeoshea vyombo na yenye nimeogeshea Jemima, njo naimwangia hortensia. Saa sita majani yote inaanguka, mangaribi inasimama tena kidogo. Nilichomeka miti, nikatandika majani ya migomba juu, ipate kivuli. Kila mara nikimwanga nasema: hii ni ya Luc.

Tena niko na bageni. Batu benye kukimbia vita bamejaa Beni yote, nikapokea familia mbili mu lupango ya nyumba. Banapika pembeni ya marguerite, hakuna fasi ingine. Kuko mama mumoja, Vagheni, Munande kama sisi, alikuwa analima kule upande wa Mambasa. Haongei mingi. Akiniona namwanga maji, anageuza uso.

Muka-mwana wako,
Nadège

Butembo, tarehe 18 mwezi wa pili

Mwana wangu,

Nashukuru kusikia muko bazima. Mimi homa ilinilalisha, njo maana nimekawia kujibu.

Maneno yako ilinikosesha usingizi. Batu banapika mu maua? Moshi juu ya jua, hortensia haitavumilia. Na maji yao nani anabeba? Ni wewe, na ule mwili kidogo. Uwaambie kwa upole baende ku paroisse, kwa bapadri, kule banapokea batu. Usiseme niko na roho mubaya. Nyumba ni ya mutoto wangu. Akirudi, akute bageni bamejaa kwake, atasema nini?

Mama mukwe wako,
Kyakimwa

Beni, tarehe 16 mwezi wa tatu

Mama yangu,

Unisamehe, nilikaa bila kuandika. Ukae chini kwanza, na shemeji Muyisa, ndugu ya Luc, akae karibu yako.

Nilifanya vile ulisema. Nilimuambia Vagheni, na haya usoni, ya kwamba mama ya Luc anaomba baende ku paroisse. Hakukasirika. Alifunga vitu yake mu kikwembe, akaaga Jemima, akafika ku mulango ya lupango. Pale akarudi. Akashika bidon yenye nilikuwa nayo mukononi, akaniambia polepole:

“Mama Jemima, usimwange tena hii maji kwa ajili yake. Luc hatarudi.”

Alimujua, kwa sababu Luc alikuwa anauza chumvi kwao. Vita ilipofika balikimbia pamoja, batu ya bunduki bakabakuta njiani. Luc alipigwa risasi, hakukawia kukata roho. Vagheni na bwana yake bakamuzika chini ya muti, bakasali, bakaendelea kukimbia. Na kwangu hakuingia bure, mama. Luc alikuwa anabahadisiaga nyumba yake ya Beu yenye maua, njo alikuya kuitafuta anipe habari. Mais alinikuta namwanga maji nikisema hii ni ya Luc, na kinywa ikamukatalia.

Nilimuambia aweke mizigo chini. Kisha nikalala, mama. Nililala muchana muzima, yeye anapikia Jemima. Tangu siku ile sijamwanga kitu.

Nadège

Butembo, tarehe 21 mwezi wa tatu

Nadège, mwana wangu,

Leo sina nguvu ya salamu. Muyisa alinisomea, akanishika. Kilio kiko hapa kwangu, batu bamejaa. Bababa wadogo ya Luc bameanza kusema Muyisa akurizi, akuoe pahali pa ndugu yake. Nilikataa, na Muyisa naye amekataa. Ukitaka kuolewa siku moja, utaolewa. Ukitaka kukaa, utakaa. Uko mutoto wangu.

Maua uiache. Maji upatie batoto ya Vagheni, na bapike fasi yenye banataka.

Nakuya na camion ya kwanza yenye itakubali kunibeba. Neno moja nakuomba: Vagheni asiende kabla sijafika. Nilimufukuza bila kumujua. Nataka aniambie na kinywa yake vile balimulalisha mutoto wangu, na nguo gani alikuwa nayo. Umuambie alale ndani ya nyumba. Umuambie mama ya Luc anamuomba.

Mama yako,
Kyakimwa