Msonobari wa Barasa Umefukiwa

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika sasa hivi na mji wa Kakamega umenyamaza kidogo. Nimerudi kutoka nyumbani Mautuma mikono mitupu, na sijisikii vizuri.

Msonobari ule tuliuotesha na kaka yangu Barasa kutoka kwa mbegu, ndani ya kipande kirefu cha bomba la plastiki. Udongo mzuri chini, mchanga mtupu juu, ili mizizi iteremke kuutafuta udongo. Kila mara alikata bomba kidogo kutoka juu na kuosha mchanga, mizizi ikabaki nje, ikakomaa, ikafanya magome. Mwishowe kimti chenyewe kikawa kimesimama chunguni juu ya mizizi mitupu. Barasa aliuita Jogoo, kwa ile miguu. Mimi nilishika matawi, yeye akayazungushia waya ili yakunjike alivyotaka.

Figo zilimchukua mwaka huu.

Leo niliupeleka Baba auone. Barasa hakuwahi kumwonyesha. Aliogopa kuambiwa anapoteza muda na mti usiozaa. Nikauweka sebuleni, nikaingia jikoni kumsaidia Mama kusonga obusuma, ugali wetu. Nilipotoka, haukuwapo.

Baba alikuwa kaburini kwa Barasa, jembe kando. Alikuwa ameutoa chunguni na kuutumbukiza shimoni mpaka mizizi yote ikazama. Alikuwa anashindilia udongo kwa viganja.

"Baba, hiyo mizizi hukaa nje. Kazi yote ya Barasa ilikuwa hiyo."

Hakuinua kichwa. "Nekesa, mtoto wangu aliugua na mimi sikuona kitu mpaka mwisho. Huu nimeuona uko uchi. Niuache hivyo?"

Udongo ulikuwa bado laini. Nilishika shina. Kuvuta mara moja tu kungetosha.

Nikaona anavyoifunika mizizi, kama mtu anayemfunika mtoto blanketi.

Nikaachilia.

Baadaye akagusa tawi. "Na hizi waya?"

Nikamwambia zikiachwa zitalikata gome. Nikaleta koleo la kukatia waya, nikapiga magoti karibu naye. Waya haifunguliwi kwa kuvutwa, tawi litavunjika. Inakatwa vipande vipande. Yeye alishika matawi, mimi nikakata. Waya zilipoisha, tawi la chini halikuinuka. Lilibaki na mkunjo uleule.

"Ni yeye alilikunja hivi?"

"Ni yeye."

Akaliweka kiganjani kama mtu anayepima uzito wa kitu, na akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, hata siku ya mazishi.

Miaka ya kazi ya kaka yangu iko chini ya udongo, na nimesaidia kuifukia. Huenda mti ukaishi. Ile sura yake haitakuwapo tena.

Nilipokuwa naondoka, Baba alinifuata mpaka langoni. "Urudi Jumamosi ingine," akasema. "Unifundishe vile huo mti unapenda maji."

Nitaenda. Lakini leo niacheni niililie ile mizizi.