Dawa Aliyoivuta Mbele ya Daktari

Keko, Temeke

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Itikia kwanza ndipo Asha aendelee kusoma, maana najua ulivyo, ukishasikia habari za mgonjwa utaisahau marahaba yangu na mimi nitabaki naidai mpaka tuonane. Na wewe Asha mdogo wangu, soma polepole, usiruke mistari kwa haraka ya kwenda kisimani. Mama akikuuliza umeruka nini, mimi simo.

Sisi huku ni wazima. Nasema wazima na safari hii sikufunikii kitu. Hata Baba Zuhura ni mzima, na habari hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya kupiga simu. Si wewe mwenyewe unayesema simu ni ya salamu tu, maneno yenyewe yanataka karatasi? Goti lako linaendeleaje? Mikorosho imetoa maua au bado mnaitazama? Ule ukungu wa Newala wa asubuhi nikiukumbuka kwenye joto la huku, naona wivu kabisa.

Mama, tulipozungumza mara ya mwisho uliniambia, "Mwanangu, mlete mkwe wangu nyumbani kabla hayo mavumbi ya mbao hayajammaliza." Nikayageuza maneno nikakuuliza habari za goti, maana hata kule hospitali tulikuwa tumeshaambiwa kwamba kama pumu haitulii, basi aache useremala. Baba Zuhura aache useremala afanye nini? Yule mtu akiingia nyumba ya watu hamtazami mwenyeji, anatazama kwanza miguu ya meza. Nilikuwa namwona anakaa kwenye benchi la karakana na randa mkononi, anapumzika kila baada ya kusukuma kidogo, na moyo wangu unanywea. Nikawa nashona foronya za makochi huku nikijiuliza ni lini nitafungasha cherehani turudi huko.

Wala hatukuwa tumekaa tu. Mwaka mzima tulihangaika. Unapanga foleni, daktari anakuandikia, unaipeleka karatasi dirishani, dirishani unaambiwa dawa hii hatuna, kanunueni nje. Nje duka la kwanza hawana. La pili wanayo nyingine, "lakini ni ile ile tu, sista, inatofautiana jina." Unaichukua, utafanyaje? Muuzaji ana watu nyuma yako wanagonga kaunta, anakutilia kwenye mfuko, anakuambia, "Avute akibanwa." Basi. Mwandishi wa karatasi yuko kule, mwenye dawa yuko huku, na mgonjwa yuko katikati anatembea. Simlaumu yeyote, kila mtu alifanya kipande chake. Ila hakuna aliyemwona Baba Zuhura akiivuta hiyo dawa.

Sasa nikwambie jinsi alivyokuwa akiivuta, na usicheke. Pampu ya pumu, ile ndogo ya kubonyeza mdomoni, aliitundika msumarini karakanani, pale pale penye futi kamba na pembe mraba. Unajua mafundi wa Keko. Kitu cha mmoja ni cha wote. Huyu ana jiliwa la kubania mbao, yule ana mashine ya kutobolea, hakuna anayeomba, unanyoosha mkono unachukua na ukimaliza unarudisha msumarini. Basi na pampu nayo ikaingia kwenye ushirika. Fundi amepaliwa na vumbi la mninga, anavuta moja. Mwingine ana mafua, anavuta moja. Issa, rafiki yake Baba Zuhura yule mwenye kelele aliyekula ugali wote siku mlipokuja kwenye harusi, yeye alikuwa anavuta asubuhi kabla ya kazi, eti kufungua kifua. Na sisi tuliona ndiyo utu wenyewe. Nani angemnyima mwenzie pumzi?

Ikafika siku moja mchana, wanapiga vanishi kabati la mteja. Upepo ulikuwa umelala. Nikaona Baba Zuhura ameweka brashi chini, ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Akanyoosha mkono msumarini, akabonyeza pampu. Akabonyeza tena. Nilikuwa nimezoea kwamba akibonyeza anapata nafuu kidogo. Safari hii hakupata. Midomo ikaanza kubadilika rangi na akawa ananitazama tu, Mama, hawezi kusema hata jina langu. Niliogopa. Nilijua namzika.

Nje palikuwa na guta la magurudumu matatu limeshapakiwa kochi la mtu mmoja, linasubiri kupelekwa kwa mwenyewe. Issa akamnyanyua akamketisha juu ya lile kochi, akapanda kusukuma pedali huku mafundi wawili wanasukuma nyuma na mimi nimeshika mkono wa mume wangu nakimbia pembeni. Watu barabarani wakadhani tunamchezea harusi, mama mmoja akapiga na kigelegele. Tukamfikisha kwenye zahanati ndogo iliyo kando ya barabara, yenye pazia la maua mlangoni. Miaka yote tumeipita ile zahanati tukiiona ni ya homa za watoto tu.

Daktari wa pale ni mama mmoja mfupi, anaitwa Dokta Rehema. Hakuuliza jina wala cheti. Akamvalisha barakoa yenye mvuke wa dawa, akampiga sindano, akaweka kiganja mgongoni kwake akawa anapumua naye pamoja, taratibu, mpaka mabega yakashuka. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Sikumbuki nilikaa muda gani.

Alipoweza kusema, daktari akamuuliza, "Nyumbani unatumia dawa gani?"

Baba Zuhura akatoa pampu mfukoni.

"Haya, nioneshe unavyotumia."

Akaishika mbali kidogo na mdomo, akafungua kinywa, akapuliza kama mtu anayejipulizia marashi, kisha akafunga mdomo na kumeza. Mwaka mzima, Mama! Dawa ya kifua ilikuwa inaishia kwenye ulimi.

Daktari akaichukua, akaitikisa karibu na sikio. "Hii unaitunza wapi?"

"Karakanani, msumarini."

"Unaitumia peke yako?"

Akamtazama Issa. Issa, ambaye hawezi kusikia swali likipita bila kulitia neno, akadakia, "Sote tu, dokta. Hata mie nikibanwa navutaga. Sie pale ni ndugu."

Dokta Rehema akaibonyeza hewani. Ikatoa sauti ile ile, tss. "Dawa imekwisha humu kitambo. Huu uliobaki ni upepo. Nyie ndugu mmeimaliza, na mwenye ugonjwa akabaki anavuta upepo."

Issa aliinamisha kichwa.

Nikasimama nikasubiri karatasi. Si ndivyo tulivyozoea? Nikaanza kuhesabu maduka kichwani, nianze na lipi. Daktari akaniangalia. "Unangoja nini, mama?" Nikamwambia nangoja cheti nikatafute dawa. Akasema, "Ukatafute wapi na dawa hii hapa?" Akageuka kwenye kiti chake, akafungua kwa ufunguo kabati lililo nyuma yake, akatoa mwenyewe kwa mkono wake pampu mbili, moja ya bluu na moja ya kahawia. Akaziweka mezani mbele ya mgonjwa wake.

Kisha hakutuachia tuondoke nazo. Akasema, "Vuta nikuone." Baba Zuhura akavuta, akakosea. Akavuta tena, akakosea vingine. Daktari akachukua chupa tupu ya maji ya kunywa, akatoboa tundu kwenye kitako chake kwa mkasi ili pampu ikae pale na mgonjwa avutie mdomoni mwa chupa. Sasa Mama, lile tundu lilikuwa limekatwa vibaya, limepinda upande. Mkweo, mtu aliyetoka kaburini sasa hivi, akaomba ule mkasi. Akasema kwa sauti ile ya kukatika, "Samahani dokta, hili litavuja." Akalichonga upya, pampu ikakaa barabara. Dokta Rehema akalitazama, akasema ana wagonjwa wengine watano wanataka machupa kama hilo, kwa hiyo akipona arudi na patasi yake.

Akavuta kupitia kwenye chupa, taratibu, akabana pumzi, akaachia. Nikaona uso wake umefunguka. Daktari akamweleza: ya bluu ni ya kubanwa, ya kahawia ni ya kila siku asubuhi na jioni hata kama anajisikia mzima, na akishavuta hiyo ya kahawia asukutue mdomo kwa maji ateme. Na mimi akanirudishia somo. "Haya, mama, ya kahawia ni ya nini?" Nikajibu kama mtoto wa madrasa. Nilipokosea alinirekebisha hapo hapo, dawa iko mezani, hakuna aliyegonga kaunta.

Issa naye akajitutumua. "Dokta, nipe na mie yangu basi." Daktari akamlaza, akamsikiliza kifua, akasema, "Wewe huna pumu. Una vumbi. Funika pua ukikata mbao." Hakumpa kitu.

Nakueleza hili la Issa kwa sababu njiani tulibishana. Yeye alianza, "Shemeji, daktari anayeuza dawa mwenyewe ni mchinjaji, atakwambia kila siku ule nyama." Nikamwambia wewe si ulitaka nyama akakunyima? Akacheka. Lakini neno lake lina ukweli, wapo wa namna hiyo mjini hapa, na mimi sitasema kila mwenye kabati ni mwema. Ninachosema ni nilichokiona. Aliyemsikiliza kifua ndiye aliyempa dawa, na ndiye aliyemtazama akiivuta. Tuliporudi kumwona, alikumbuka alichompa, akaichukua pampu akaitikisa, akajua kama inatumika au imelala. Safari moja ile ya kahawia haikuwepo kabatini. Alitwambia wazi, akatafakari, akabadilisha mwenyewe na kutueleza amebadilisha nini. Hakutuacha tukabadilishiwe na mtu asiyejua huyu mgonjwa ni nani. Na ugonjwa ukimzidi uwezo, husema waziwazi hili ni la hospitali kubwa, nendeni Temeke sasa hivi.

Nikilala na kuamka namshukuru Mungu, na baada ya Mungu namshukuru yule mama mfupi. Baba Zuhura anaranda mbao, Mama. Vanishi wanapigia nje siku hizi, sakafu wananyunyizia maji kabla ya kufagia, na wote wamefunika pua kama wanawali. Pampu anatembea nayo mfukoni mwa shati na amewaambia wenzake kwamba hii haiazimwi. Mwanzoni ilimuuma kusema vile. Kumnyima mwenzio kitu pale Keko ni kama kumtukana. Wamemwelewa.

Kwa hiyo jibu la lile neno lako ni hili: haturudi huko tukikimbia ugonjwa, mama yangu. Tutakuja kwa miguu ya heri, kula korosho zako na kukutia hasara. Na nina ombi. Najua vidonge vyako vya presha unamgawia jirani yako wa ng'ambo ya shamba akisema kichwa kinamgonga. Moyo wako ni mzuri, nimeurithi na umetaka kunitia ujane. Usimgawie. Mpeleke naye akapimwe apewe vyake. Asha, hapo rudia kusoma.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie kitanda chake anachongewa na mtu mwenye pumzi. Nisalimie Bibi, mwambie huyo anayemwita mume wake anampenda bado na hajamtaliki. Msalimie na shangazi aliyenilea, na mama mkwe kule Kitangari, mwambie mwanawe nimemtunza. Zuhura anakusalimu, amejifunza kuandika jina lako na ameliandika kwenye ukuta wa mwenye nyumba.

Mama, kuna kitu kimoja sikuwahi kukwambia. Kicheko ndicho kilichokuwa kinamwanzisha. Akicheka tu, kikohozi kinamkamata, kinamkunja mpaka chini. Nawe unajua mdomo wangu ulivyo. Nikaufunga. Niliwakataza na mafundi wasimwambie vituko, na nyumba yetu ikawa ya watu wanaosema "lete chumvi" na "funga mlango" tu.

Jana jioni Issa alikamilisha kabati kubwa ndani ya chumba cha mteja, zuri sana, akawaita wenzake walitoe wakalipeleke kwa bi harusi. Alikuwa amepima ukuta, amepima dari, hakupima mlango. Nilikuwa namsimulia Baba Zuhura, nikajikuta nimeshafika katikati, siwezi kurudi nyuma. Akaanza kucheka. Moyo ukanipiga, nikasogea kuushika mgongo wake, nikangoja kikohozi. Hakikuja. Akacheka mpaka akaisha kucheka mwenyewe, akajifuta machozi, akaniambia, "Haya, nisimulie tena, ulipofika mlangoni."

Nikamsimulia tena, Mama.

Ni mimi mwanao anayekuombea afya,
Somoe, Mama Zuhura