Betri Haifufuki

Jumanne jioni, kiangazi 1995

Tena leo mama na jirani wamebishana kwa ajili ya neno moja. Betri za radio zilikuwa zimekwisha, na kama kawaida mama akazianika juani uani, kwenye sinia. Mchana radio ikasema. Mama Furaha, jirani yetu aliyekimbia kutoka Uvira, akapiga makofi: "Zimefufuka!"

Mama akamkatiza. "Apana, Mama Furaha. Betri haifufuki. Sema imepata nguvu. Kufufuka ni ya wafu, siku ya kiyama."

Kwangu neno lolote ni sawa, mradi tusikie habari. Radio haikutaja Carama, mtaa ule wa kaskazini mwa mji. Huko ndiko kaka yangu Hamisi alikokuwa akijenga nyumba ya watu, na tangu risasi zianze hatujamwona. Mama hamtaji. Anakosoa maneno ya watu, basi. Inanichosha.

Betri zikafa tena, akazirudisha kwenye sinia.

Jua likiwa limeanza kushuka, mlango wa uani ukasukumwa. Hamisi. Amekonda, amejaa matope ya mashamba ya mpunga ya Buterere mpaka kiunoni. Mguu mmoja umevimba vibaya. Sijui tutampeleka wapi kesho, na barabara hizi...

Mama Furaha akapiga makofi tena. "Mama Hamisi! Mutoto amefufuka!"

Nikangoja mama amkosoe.

Mama akaondoa sinia la betri, akamkalisha Hamisi pale pale, kwenye jua lililobaki. Neno lile akaliacha lilivyo.