Usiisubiri Kesi Humo Ndani

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Joho langu limefika, na mabega yake yanatosha watu wawili. Fundi anasema hajawahi kumshonea wakili mwanamke. Karani wa mahakama naye bado ananielekeza kwenye benchi la wake wa washtakiwa.

Yule muuza maziwa aliyedai talaka kwa sababu ya kipigo nilimfikisha mbele ya hakimu, nikaomba akae kwa dada yake mpaka kesi iishe. Hakimu akacheka, akamgeukia yule mama.

“Mama, rudi kwa mumeo mkayazungumze.”

Nilibisha mpaka akatishia kunitoa nje. Mteja wangu akanishika mkono.

“Basi, mwanangu. Sheria imeshasema.”

Juzi tumemzika. Leo karani amenitangazia kwamba kesi imefutwa, kwa kuwa mlalamikaji hakufika.

Sasa wewe. Umeniandikia kwamba shemeji ameanza tena, na kwamba utavumilia mpaka nikufungulie kesi. Nitaifungua, na nitawasumbua mpaka wanikome. Lakini usiisubiri humo ndani. Wachukue watoto uje, hata kama hujafua, hata kama hujaaga. Kitanda nimeshatandika.

Ni mimi dada yako, kabla sijawa wakili wako.